Wiki ya Kumi na Tatu



Watunisha misuli wana tabia moja njema ambayo wengi wetu hatuna: wanaandika. Ingia jimu yoyote yenye watu makini, iwe ya vyuma vya kisasa au ile ya mtaani yenye vyuma vya kuchomelea, utamkuta mtu ameketi kwenye benchi kati ya seti na seti, daftari au simu mkononi, anaandika kilo alizonyanyua na mara ngapi. Wale wanaotumia dawa huandika zaidi. Daftari lao kwa kawaida husema hivi. Wiki ya kwanza: testosteroni miligramu 500, sindano mbili, Jumatatu na Alhamisi, uzito kilo 80. Wiki ya nne: chuma kimeanza kuwa chepesi, hamu ya kula imepanda. Wiki ya nane: mashati yanabana mabegani, watu wameanza kuuliza. Wiki ya kumi na mbili: uzito kilo 89, picha ya mbele, picha ya ubavuni, picha ya mgongo. Halafu mstari unapigwa, na chini yake linaandikwa neno "matokeo" kwa herufi kubwa.

Mstari huo ndio ulionileta kwenu jioni hii. Nasema umepigwa mapema. Matokeo ya mzunguko kama huo wa dawa za kutunisha misuli hayasomeki siku ambayo dawa bado imo mwilini na misuli iko kileleni. Yasomwe miezi sita baadaye, na tena mwaka mmoja baadaye, kwenye mizani, kwenye mashine ya presha, kwenye majibu ya maabara, na ndani ya nyumba anamoishi mtu huyo. Kurasa hizo hazimo katika madaftari mengi. Na kwa kuwa hazimo, kijana wa miaka kumi na tisa anayetazama picha ya wiki ya kumi na mbili huamini kwamba ameona habari yote.

Lakini kwanza niseme jambo ambalo wazee na wataalamu wengi hawapendi kulisema hewani. Dawa hizi zinafanya kazi. Tukikataa hilo, vijana hawatatusikiliza tena, na watakuwa na haki yao.

Jambo hili lina historia ya kusikitisha. Testosteroni, homoni inayomfanya mvulana abadilike kuwa mwanamume, ilitambuliwa na kutengenezwa maabara mwaka 1935, na wanasayansi wawili waliofanikiwa kuitengeneza, Adolf Butenandt na Leopold Ružička, wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ilianza kuuza Marekani kidonge kiitwacho Dianabol, na daktari mmoja, John Ziegler, akawapa wanyanyua vyuma wa York, Pennsylvania. Baada ya miaka michache vidonge hivyo vilikuwa vimeenea kwa wanyanyua vyuma, warusha tufe na watunisha misuli. Hata hivyo, mwaka 1977 chama cha madaktari wa michezo cha Marekani kilitoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa dawa hizi zinaongeza nguvu. Wanyanyua vyuma walilisoma tamko hilo wakiwa wamesimama mbele ya kioo, wakijua ni kilo ngapi wamepanda. Tamko lilirekebishwa mwaka 1984, lakini imani ilikuwa imeshavunjika. Tangu wakati huo daktari anaposema "inaharibu moyo," jimu nzima hukumbuka kwamba madaktari haohao walisema haifanyi kazi. Uongo ule, hata kama ulisemwa kwa nia ya kuwalinda vijana, mpaka leo unatugharimu.

Jibu la wazi lilikuja mwaka 1996. Daktari Shalender Bhasin na wenzake huko Los Angeles walichukua wanaume 43 wenye afya, wanaojua kunyanyua vyuma, wakawagawa makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa sindano zisizo na dawa na likaambiwa lisifanye mazoezi. La pili lilipewa testosteroni, miligramu 600 kila wiki, nalo likakaa bila mazoezi. La tatu lilifanya mazoezi bila dawa. La nne likapewa vyote viwili. Chakula chao kilisimamiwa. Baada ya wiki 10 wakapimwa.

Waliofanya mazoezi wakiwa na dawa waliongezeka takriban kilo sita za mwili, bila kuhesabu mafuta. Kwenye benchi walipanda kilo 22, kwenye kuchuchumaa na chuma walipanda kilo 38. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongezeka kama kilo mbili. Na wale waliopewa dawa kisha wakakaa tu, bila kugusa chuma? Kilo tatu na kitu.

Naomba tutulie hapo kidogo. Watu waliokaa wakichomwa sindano walijaza mwili kuliko watu waliotoka jasho kwa wiki 10. Hebu mfikirie kijana anayefanya tizi kwa uaminifu, anayekula mayai, maharage na dagaa, anayelala mapema, ambaye kila jioni anajilinganisha na jamaa wa benchi la pili aliyepanda kilo tisa kwa miezi mitatu. Anajilaumu kwamba hana bidii, anaongeza uzito kuliko bega lake linavyoweza kubeba, ananunua poda ileile aliyoambiwa jamaa anatumia. Hakuna aliyemweleza kwamba analinganishwa na kitu ambacho jasho peke yake halikifikii. Kijana huyu ananiuma sana. Jamaa wa benchi la pili angalau anajua anachokifanya.

Utafiti huohuo wa 1996 wanaotumia dawa huupenda, kwa sababu katika wiki hizo 10 madaktari hawakuona hasira wala tabia ikibadilika kwa kiasi cha kupimika. Ni kweli, na sina haja ya kulificha. Lakini tazameni masharti yake: dawa safi ya kiwanda kinachojulikana, aina moja tu, dozi inayojulikana, watu waliochaguliwa kwa afya zao, daktari pembeni, wiki 10, basi. Mizunguko ya mitaani haiko hivyo. Testosteroni huwa ni msingi tu. Juu yake wanaongeza nandroloni, wanaongeza vidonge vya stanozololi, wengine wanafika kwenye trenboloni, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kunenepesha ng'ombe wa nyama. Tena, zile kilo sita za utafiti zinahesabu pia maji. Testosteroni huvuta chumvi na maji mwilini, na misuli yenyewe hujaa wanga na maji. Ndiyo maana wiki za mwanzo kilo hupanda haraka kuliko nyama yoyote inavyoweza kuota, na uso nao huvimba.

Sasa twende kwenye wiki ya kumi na tatu.

Mwili wa mwanamume hutengeneza testosteroni takriban miligramu tano hadi saba kwa siku. Kwa wiki haifiki miligramu 50. Anayeanza mzunguko wa miligramu 500 anajipa zaidi ya mara kumi ya hiyo. Ubongo una sehemu yake ya kupima homoni hii katika damu. Ikiwa imepungua, tezi iliyo chini ya ubongo hutuma ujumbe korodani zitengeneze, na ikiwa imezidi, ujumbe unasimama. Ni kama nyumba yenye kisima ambayo ghafla inaanza kuletewa maji kwa boza kila asubuhi. Kamba inawekwa pembeni, ndoo inakauka, kisima kinaanza kujaa mchanga. Siku boza lisipokuja, watu wanarudi kisimani na kukuta maji hayapandi. Kisima hakijafa, lakini kinahitaji kuzibuliwa, na kazi hiyo si ya siku moja.

Korodani nazo, zikikosa ujumbe, husinyaa. Hilo wanaotumia wanalijua na wanalitania. Wasichokitania ni majuma yanayofuata sindano ya mwisho. Dawa ya mafuta iliyodungwa tako inaendelea kutoka polepole kwa siku kadhaa, kwa hiyo wiki ya kumi na tatu mtu bado anajiona yuko sawa. Kisha inaisha. Sasa hana ya sindano wala ya kwake mwenyewe. Hamu ya tendo la ndoa inaondoka. Usingizi unakuwa mzito bila kumpumzisha. Chuma kilichokuwa chepesi kinarudia uzito wake, na kilo zinashuka, maji kwanza. Wengine wanapata huzuni ambayo hawajawahi kuijua, ya kukaa kitandani saa sita mchana wakitazama dari. Mwanamume ambaye miezi miwili iliyopita alikuwa anapiga picha kila siku sasa anavaa sweta kubwa ili watu wasione. Wapo wanaomeza dawa za kuamsha tezi, kama tamoksifeni na klomifeni, ambazo hospitali huzitumia kwa saratani ya matiti na kwa wanawake wanaotafuta ujauzito, na wanazimeza kwa maelekezo ya rafiki wa jimu.

Na hapo, wasikilizaji, ndipo penye mtego wenyewe. Mtu aliyeko katika hali hiyo anaijua dawa moja itakayomwondolea huzuni, uchovu na aibu ya kioo kwa muda wa wiki mbili. Ni ileile. Kwa hiyo mapumziko yaliyopangwa kuwa ya miezi minne yanakuwa ya miwili, ya pili yanakuwa mwezi, na baadaye hakuna mapumziko, kuna kupunguza dozi tu na kuipandisha tena. Wengi walioanza kwa mzunguko mmoja, wa kujaribu, hawakuwa wadhaifu wa nia. Watu wenye nidhamu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri na kupima wali kwa gramu si wadhaifu wa nia. Walikuwa wakiukimbia mwezi wa nne, ule wa baada ya sindano ya mwisho.

Kuna madaktari waliozifuata kurasa hizo za baadaye. Katika mji wa Haarlem, Uholanzi, kuna kliniki inayowahudumia watu wanaotumia dawa hizi, na madaktari wake waliwafuatilia wanaume 100 ambao walikuwa wameshaamua wenyewe kuanza mzunguko. Hawakuwapa dawa wala kuwakataza. Waliwapima kabla, mwisho wa mzunguko, miezi kadhaa baadaye na tena mwaka ulipofika. Dozi zao zilikuwa kwa wastani karibu miligramu 900 kwa wiki. Wote walipata walichokitaka, yaani nguvu na misuli. Na wote walitaja angalau dhara moja: kuvimba kwa maji, hasira za haraka, chunusi za mgongoni, matiti kuota, korodani kusinyaa. Mafuta mazuri ya damu, yale yanayosafisha mishipa, yalianguka. Presha ilipanda. Mbegu za kiume zilipungua vibaya sana. Kundi dogo kati yao walipigwa picha za moyo, na ikaonekana ukuta wa moyo umenenepa na nguvu ya kusukuma damu imeshuka.

Habari njema lazima isemwe pia. Kwa walio wengi, mambo hayo yalirejea hali ya kawaida walipoacha. Homoni zilipanda tena, moyo ukarudi karibu na ulivyokuwa. Lakini sikusema wote. Mwaka ulipita na bado walikuwepo ambao homoni au mbegu zao hazijafika kiwango cha kawaida. Na hao ni watu waliofuatiliwa na madaktari kwa mzunguko mmoja. Mwenye mizunguko kumi bila kupimwa hawezi kujiwekea dhamana kwa majibu yao.

Hapa niseme na ninyi mlio ndani ya ndoa. Kwetu nyumba ikikosa mtoto, macho ya ukoo humgeukia mke kwanza. Anapelekwa hospitali, anapelekwa kwa mganga, anapimwa mirija, anameza dawa chungu, mawifi wananong'ona. Mume mwenye kifua kipana na mikono iliyojaa hakuna anayemshuku. Mwili wake unaonekana kuwa ushahidi wa kutosha. Kumbe inawezekana kabisa mwili huohuo ndiyo sababu. Sindano za testosteroni hushusha mbegu kiasi kwamba wanasayansi wamewahi kuzifanyia majaribio kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Mume anayetumia, au aliyewahi kutumia, ana wajibu wa kulisema hilo mbele ya daktari siku ya kwanza, mke wake akiwa amekaa pembeni yake, kabla mwanamke huyo hajalazwa kwenye kitanda cha upasuaji kwa kosa lisilo lake.

Moyo ni habari ndefu zaidi. Mwaka 2017 Daktari Aaron Baggish na wenzake wa Marekani walichapisha vipimo vya wanyanyua vyuma 140 wenye uzoefu wa miaka mingi. 86 kati yao walikuwa wametumia dawa, 54 hawakuwahi. Moyo wa mtu asiyetumia ulisukuma nje kwa kila pigo wastani wa asilimia 63 ya damu iliyojaa ndani yake. Wa waliotumia ulisukuma asilimia 52, na waliokuwa katikati ya mzunguko walikuwa chini zaidi. Mishipa inayolisha moyo ilikuwa na mafuta mengi zaidi yaliyoganda, na kadiri miaka ya kutumia ilivyozidi ndivyo nayo yalivyozidi. Mtu wa namna hiyo kwa nje ni jabali. Anaweza kuwa anapandisha ngazi akihema na kudhani ni uzito wa misuli.

Mwaka huohuo, Agosti 2017, Marekani ilipoteza watunisha misuli wawili maarufu. Dallas McCarver alikuwa na miaka 26. Uchunguzi wa maiti ulikuta moyo wa gramu 833, wakati wa mwanamume wa kawaida ni gramu 300 na kitu. Rich Piana alikuwa na miaka 46, naye moyo wake ulikutwa umekuwa mkubwa kupita kiasi. Piana ndiye ninayemkumbuka kwa heshima zaidi, kwa sababu hakudanganya. Alijitokeza mbele ya kamera akasema alianza akiwa na miaka 18 na hakuwahi kuacha kwa muda mrefu, na akawaambia vijana kwamba kama hawaishi kwa kazi hiyo, wasianze. Sitasema kwamba sindano peke yake ndiyo iliyowaua. Maisha ya watu hawa yalikuwa na mengi, na uzito mkubwa nao ni mzigo kwa moyo. Nasema moyo unapokuwa umenenepa hivyo, hauna tena pa kukimbilia siku jambo jingine linapotokea.

Na kwa haki hiyohiyo nimwondoe mtu mmoja kwenye orodha. Watu wengi husema Arnold Schwarzenegger alipasuliwa moyo mwaka 1997 kwa sababu ya dawa alizotumia ujanani. Dawa alikiri kuzitumia. Lakini vali yake ya moyo alizaliwa nayo ikiwa na kasoro. Tukitaka kusadikiwa tunapotaja moyo wa McCarver, tusimtumie Schwarzenegger kwa ubaya asiostahili.

Niwaguse akina dada kwa ufupi, maana nao sasa wako jimu kwa wingi, na ni jambo zuri. Kwa mwanamke dozi ndogo tu inaweza kuishusha sauti ikawa nzito, kuotesha ndevu na kuvuruga hedhi. Hedhi inaweza kurudi. Sauti iliyoshuka hairudi.

Halafu kuna swali la kilichomo ndani ya chupa. Sindano nyingi za jimu hazitoki duka la dawa. Zinatengenezwa vichochoroni kwa unga ulioagizwa, mafuta ya kupikia na lebo nzuri, na wachunguzi wa nchi mbalimbali waliozipima wamekuta mara kwa mara kwamba dozi si ile iliyoandikwa, au dawa yenyewe ni nyingine. Makopo ya virutubisho nayo yana historia yake. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1994, virutubisho huingia sokoni bila mwenye kiwanda kuthibitisha kwanza mbele ya serikali kwamba ni salama na vinafanya kazi. Chini ya mwavuli huo ziliuzwa homoni kamili, zikiwa kando ya vitamini. Moja iliitwa Superdrol, iliyouzwa kama kirutubisho tu mpaka mamlaka ya dawa ilipotoa onyo mwaka 2006, na madaktari wakaripoti vijana walioingia hospitali wakiwa na macho ya manjano, ngozi inawawasha usiku kucha, ini limegoma. Walikwenda dukani mchana kweupe, wakalipa, wakapewa risiti. Walidhani wako kwenye upande salama.

Kwetu Afrika Mashariki wanaopimwa ni wachache. Kenya ina wakala wake wa kupambana na pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu michezoni, chini ya sheria ya mwaka 2016, na wakimbiaji wake wanapimwa hata alfajiri majumbani. Kijana wa jimu ya mtaani, awe Eastleigh au Tandika, hakimbilii medali. Hakuna anayemgongea mlango na chupa ya mkojo. Atajipima mwenyewe au hatapimwa.

Wapo watakaoniuliza kuhusu poda halali. Poda ya protini ni chakula, mara nyingi imetokana na maziwa. Ukila samaki, mayai na kunde vya kutosha huihitaji, na ukishindwa kupika itakusaidia. Kreatini inafanya kazi kweli, gramu tatu hadi tano kwa siku. Itakupa kilo moja au mbili, sehemu kubwa ikiwa maji ndani ya misuli, na rudio moja au mawili zaidi kwenye benchi. Hicho ndicho kipimo cha kirutubisho cha kweli. Kopo linaloahidi kilo nane kwa mwezi ama linadanganya au limebeba kitu kisichoandikwa, na sijui lipi kati ya hayo mawili ni baya zaidi kwa mtoto wa mtu.

Sasa wewe uliye katikati ya mzunguko, unayenisikiliza ukiwa na chupa yako kabatini. Sikugombezi. Usichangie sindano na mtu, wala chupa moja msichovye wawili. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havijui kwamba wewe ni mwanamichezo. Pima presha kila wiki, ni bure au karibu na bure. Nenda maabara ukapime picha kamili ya damu, maana dawa hii huinua chembe nyekundu mpaka damu inakuwa nzito. Pima mafuta ya damu, ini na figo. Ukipata nafasi ya kupigwa picha ya moyo, ipige. Ukiamua kuacha, mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba miezi michache ijayo unaweza kuwa na huzuni isiyo ya kawaida, akutazame, akutembelee, na fikra za kujidhuru zikija msiziache zilale nanyi hata usiku mmoja. Miezi mitatu baada ya sindano ya mwisho, pima testosteroni asubuhi. Ikiwa bado iko chini, hiyo ni kazi ya daktari wa homoni, na mwalimu wako wa mazoezi, hata awe mtu mwema kiasi gani, hana ujuzi nayo.

Na kwenu waganga wakuu na wakuu wa hospitali, nina ombi. Haarlem waliwapata wanaume 100 waliosema ukweli kwa sababu walifungua mlango ambao mtu anaingia bila kutukanwa. Sisi tayari tuna kliniki za presha na kisukari. Mizani ipo, mashine ya presha ipo, maabara iko koridoni. Tengeni alasiri moja kwa mwezi kwa watu hawa. Mwekeni daktari ambaye atauliza unatumia nini, kiasi gani, tangu lini, aandike majibu, ampime, ampe tarehe ya kurudi. Wenye majimu nao waibandike tarehe ya kliniki hiyo ukutani, kando ya bei ya mwezi, mahali ambapo kila anayeingia ataiona.